Jibu la Siku Nne

Karatasi zilikuwa tatu. Siku kumi na moja nyuma Inspekta alikuwa amezipanga mwenyewe kwenye faili, moja juu ya nyingine, akazipiga pini na kujiona amemaliza kazi.

Ya kwanza ilitoka maabara ya magonjwa ya tumbo. Ilisema bakteria waliokutwa tumboni mwa mwalimu wa hisabati wanakufa kwa klarithromaisini, tena kwa kiasi kidogo tu cha dawa hiyo. Ya pili ilitoka kwa mkemia wa serikali: vidonge vilivyokuwa bado rafuni, kwenye duka ambako mume wa mwalimu alinunua, vilikuwa dawa halisi, si unga wala chaki. Ya tatu ilitoka mochwari. Mwalimu alianguka darasani akiandika ubaoni, kwa sababu kidonda kilikuwa kimetoboa ukuta wa tumbo lake. Na kwenye kingo za kidonda kile bakteria walewale walikuwa wamejaa tele, ingawa alikuwa amepewa dozi nzima mara mbili.

Mtu akizisoma kwa mfuatano huo hakosi kufika pale Inspekta alipofika. Dawa inaua. Dawa ya dukani ni halisi. Bakteria hawakufa. Basi kati ya duka na mdomo wa marehemu kuna mtu aliyebadilisha vidonge, na vidonge vilipita mikononi mwa mtu mmoja peke yake: mume wake, seremala, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alivitoa kwenye pakiti, akavitia kwenye kopo la skrubu ili visipotee, na pakiti akazichoma pamoja na maranda ya karakana.

"Shemeji yangu amemuua dada yangu," kaka wa marehemu alisema siku aliyokuja kituoni.

Sasa kesi ilikuwa kesho saa tatu asubuhi. Koplo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, anasoma maelezo ya mtuhumiwa, midomo inachezacheza. Alimzidi Inspekta miaka kumi na miwili. Mbele za watu alimwita afande, wakiwa wawili alimwita mdogo wangu, na Inspekta hakuwahi kulalamika kwa lolote kati ya hayo.

"Unasoma nini na wewe? Faili limeshafungwa."

"Nasoma nisije nikaulizwa kitu kizimbani nikabaki nimekodoa macho." Kisha Koplo akacheka. "Maskini mama wa watu. Eti alikuwa anasema kila kitu kina ladha ya misumari. Chai misumari, maji misumari. Hapo nimemkumbuka marehemu bila hata kumjua."

"Kwa nini?"

"Si nami nilishapewa dozi hiyohiyo, mwaka ule vidonda vyangu vilipoamka? Wiki mbili nilikuwa kama nimelala na ufunguo mdomoni. Mke wangu akadhani nimechukia mapishi yake, tukanuniana mpaka dozi ikaisha."

Inspekta aliinyoosha mikono yake mezani, polepole. "Rudia hapo."

"Pa mke wangu?"

"Pa ufunguo."

Koplo hakurudia. Alikuwa ameshaelewa. Aliinua karatasi, akasoma tena kwa sauti, ukurasa wa tatu, mstari wa tisa, maneno ambayo Inspekta aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe na kuyapita kama mtu anavyopita jirani asiyemjua. *Mke wangu alisema dawa inamwachia ladha ya misumari mdomoni.*

Inspekta alipiga simu duka la dawa. Muuza dawa alimjibu bila kufikiri: ndiyo, ni kawaida, wengi wanaomeza klarithromaisini hulalamikia ladha ya chuma. Unga hauleti ladha ya chuma. Chaki haileti.

"Basi alimeza dawa kweli," Koplo alisema.

"Au mumewe alijua habari ya ladha hiyo, akaitunga." Inspekta alisimama. "Twende tukamuulize."

Seremala aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, ameshikilia suruali kiunoni kwa sababu mkanda walimvua. Mikono yake mikubwa haikuwa na kazi ya kufanya. Aliiweka juu ya magoti, akaitazama.

"Ile ladha ya misumari," Inspekta alisema. "Alianza lini kuilalamikia?"

"Siku ya pili ya dozi."

"Ya kwanza au ya pili?"

"Zote mbili, mama. Ile ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu aliijua. Nikimletea kopo alikuwa ananiambia, 'Fundi, leta misumari yangu.'"

"Nani alikuambia dawa hiyo ina ladha hiyo?"

"Si yeye?"

"Kabla yake."

Seremala alimtazama kama mtu anayeulizwa swali kwa lugha ngeni. "Mimi sijawahi kumeza. Nilidhani anadeka. Nilimwambia hivyo." Akaikunja mikono yake magotini. "Nilimwambia aache kudeka, ameze."

Kule nje kwenye ukumbi Inspekta aliegemea ukuta. Kama vidonge vilikuwa dawa, basi mfuatano wake mzuri ulikuwa umekatika, na karatasi mojawapo kati ya tatu ilikuwa inamdanganya. Mkemia alikuwa amepima mbele ya mashahidi. Mwili wa marehemu hauwezi kutunga. Ilibaki maabara.

"Chukua ufunguo wa gari," alimwambia Koplo.

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Kulikuwa na harufu ya damu ya moto na dawa ya kufutia sakafu. Aliyewapokea ni mtaalamu wa maabara aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, mtu mwembamba, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Wenzake wote, hata wafagiaji, walimwita Mzee Kisahani, kwa vile maisha yake yote aliyamaliza akiinamia visahani vya kuoteshea vijidudu.

"Karibu mwanangu, karibu. Polisi na mimi tena? Au mmekuja kupimwa?"

"Shikamoo mzee. Tumekuja kujifunza. Nieleze kama mtoto wa shule. Daktari ameingiza kamera tumboni kwa mgonjwa, amenyofoa kipande. Kikifika hapa, unakifanya nini?"

Uso wa mzee ulifunguka. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Aliwaonyesha kichupa kidogo ambacho kipande cha nyama, kisichozidi punje ya mchele, husafiria ndani ya uji mzito wa baridi. Akawaonyesha visahani vilivyomiminwa chakula chekundu chenye damu, na mtungi wenye mfuniko wa kubana, ambao ndani yake hutiwa pakiti inayonyonya hewa mpaka ibaki kidogo tu.

"Mdudu huyu ana deko, mwanangu. Ukimnyima unyevu, anakufa. Ukimpa hewa nyingi, anakufa. Ukichelewa naye njiani, anakufa. Tumboni kwa mtu anaishi kwenye asidi ya kutoboa nguo, lakini akifika kwenye kisahani ni bibi harusi, kila kitu hataki."

"Anachukua siku ngapi kuota?"

"Tatu akiwa na haraka. Tano, sita, ndiyo kawaida. Wengine kumi."

"Halafu?"

"Halafu unamchota, unampaka kwenye kisahani kipya, unalaza juu yake utepe wa dawa. Utepe una namba, dawa kali huku, hafifu kule. Unamrudisha mtungini siku tatu. Ukifungua, unakuta ameota kila mahali isipokuwa pale dawa ilipomshinda. Unasoma namba. Namba ndogo, dawa inamuua. Namba kubwa, ni sugu, mgonjwa apewe dawa nyingine."

Inspekta alikuwa anahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti. Tatu na tatu ni sita. Sita, kwa mdudu mwenye haraka. Alitoa nakala ya karatasi ya mwalimu.

"Hiki kipande mlikipokea Alhamisi tarehe nne, mzee. Jibu limetoka Jumatatu tarehe nane."

Mzee Kisahani alivaa miwani, akaisoma karatasi aliyoisaini mwenyewe, akaivua miwani.

"Wengine huota upesi."

"Siku moja?"

"Mwili wa mtu hauna saa, mwanangu."

"Naomba daftari la majibu yote ya vipimo hivi. Tangu mlipoanza."

Hapo ndipo mlango wa ofisi ya ndani ulipofunguka na mkuu wa maabara akatoka. Alikuwa Profesa, mtu wa suti, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alisema maabara ile ina cheti. Alisema majibu ya wagonjwa ni siri. Alisema mengine mengi, na Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa hati ya upekuzi aliyopita kuisainisha mahakamani njiani, na kumwomba kiti.

Walitumia saa mbili nzima wakisoma. Koplo alisoma, Inspekta akaandika. Wagonjwa walikuwa arobaini na mmoja katika miezi kumi na minne. Klarithromaisini, sifuri nukta sifuri tatu. Metronidazo, robo. Klarithromaisini, sifuri nukta sifuri tatu. Metronidazo, robo. Kufika mgonjwa wa kumi na tano Koplo aliweka daftari chini.

"Afande, hii ni shule ya bweni? Wote wamepata maksi sawa."

"Endelea."

"Naendelea, lakini hii metronidazo inanitatiza. Nani mji huu hajaimeza? Tumbo likivuruga kidogo, watu wanakwenda dukani bila cheti. Mimi mwenyewe nimeimeza tangu sijaota ndevu. Na hakuna hata mdudu mmoja aliyeizoea?"

Inspekta alinyanyua macho ukutani. Kulikuwa na bango kubwa la Profesa, la mkutano fulani, lenye picha yake na chati za rangi. Alisogea kulisoma. Liliandikwa kwamba kwingineko wagonjwa wengi wana bakteria sugu wa metronidazo, na idadi ya walio sugu kwa klarithromaisini inapanda kila mwaka. Bali kwa wagonjwa wa maabara hii, usugu ni sifuri.

"Profesa, hii sifuri haikukushangaza?"

"Ilitufurahisha," alisema Profesa. "Majibu yanayofanana ni dalili ya mkono thabiti. Ndiyo maana programu hii inaendelea wakati nyingine zimefungwa."

"Ameandika kutoka kichwani," Koplo alinong'ona. "Mzee hakupima kitu. Tumfunge pingu tukale."

Ilikuwa rahisi, na Inspekta aliitaka iwe hivyo. Lakini walipofungua jokofu kuhesabu tepe za dawa, walikuta tepe arobaini na moja za kila dawa zimetumika, pamoja na zile za kila wiki za kukagua ubora. Kwenye kompyuta kulikuwa na picha za visahani arobaini na kimoja, kila kimoja na jina la mgonjwa, na kila kimoja kilionyesha mdudu aliyeota vizuri na uwazi wa mviringo kandokando ya utepe. Picha hazikurudiwa, mikwaruzo ya plastiki ilikuwa tofauti. Kipimo kilikuwa kimefanyika. Mara arobaini na moja, kweli kabisa, kwa uangalifu.

Inspekta alirusha kalamu mezani. Ilidunda, ikaanguka chini, na hakuna aliyeiokota.

"Sasa nini?" Koplo aliuliza.

"Sijui! Usiniulize sasa nini, sijui." Alikwenda dirishani. Chini, wagonjwa walikuwa wamepanga foleni kivulini, kila mmoja na karatasi yake. Kesho saa tatu. Alikuwa na ladha ya misumari, daftari lisilo na kosa, na mzee aliyekuwa ameketi pembeni na mikono juu ya magoti, kimya kama mtu anayesubiri gari analojua litakuja.

Alipogeuka, jicho lake liligonga mlango wa kabati la joto. Kulikuwa na karatasi imebandikwa, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: *Kisahani cha mfano. Kila Ijumaa.*

"Profesa, kisahani cha mfano ni nini?"

"Ni bakteria wa kukagulia." Profesa alifurahi kuulizwa jambo jepesi. "Tumeletewa wakiwa wamegandishwa, tabia zao zinajulikana. Kila wiki tunawapima kwa tepe zilezile. Wakitoa namba inayotarajiwa, tunajua tepe ni nzima na chakula ni kizuri."

"Na namba inayotarajiwa ni ipi?"

"Klarithromaisini ni sifuri nukta sifuri tatu. Metronidazo ni r..."

Hakumaliza. Mkono wake ulipanda kifuani kutafuta miwani, ukaikosa, ingawa ilikuwa palepale.

"Robo," Inspekta alimsaidia. "Ijumaa unalaza utepe. Jumatatu unasoma. Siku tatu kamili. Kipande cha mwalimu kilifika Alhamisi, na Ijumaa tayari kulikuwa na mdudu mzuri kwenye kisahani, ameshaota, anasubiri kupewa jina. Watu arobaini na mmoja, mdudu mmoja. Mzee?"

Mzee Kisahani alisimama. Alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni, kama afanyavyo kila mtu wa kazi ile kabla ya kutoka, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Sikuandika namba ya uongo hata moja," alisema. "Nilisoma kilichokuwa kwenye kisahani."

"Uliandika majina ya uongo, mzee."

"Niliandika majina ya watu waliokuwa wanasubiri." Sauti yake ilipanda. "Unajua vile vipande vinafikaje? Kliniki inavitoa Jumanne. Gari la sampuli linazunguka kuchukua damu, makohozi, mkojo, wa huku na wa kule. Barafu inayeyuka siku ya kwanza. Linafika hapa Alhamisi. Mdudu ameshakufa zamani! Nimeotesha siku kumi, siku kumi na mbili, kisahani kitupu. Nikaandika 'hakuna kilichoota.' Nikaandika mara tisa. Muulize Profesa alizifanya nini."

Alivuta droo na kutoa fomu tisa zilizofungwa kwa mpira. Kila moja ilikuwa na maandishi ya wino mwekundu pembeni: *Haiwezekani. Rudia.*

"Nilimwambia arudie," Profesa alisema haraka. "Kurudia si kudanganya. Sikumwambia abadilishe."

"Urudie nini, na nyama imeisha?" mzee alimgeukia. "Ulisema tukipeleka makaratasi matupu, watafunga. Ulisema ni mimi sijui kazi. Miaka thelathini na minne!"

Ukumbi wa maabara ulikuwa na wafanyakazi wengine wawili. Walijifanya wanaosha vyombo. Inspekta alimtazama Profesa, akamtazama mzee, akafikiria dereva wa gari la sampuli ambaye pengine hakuwahi kuelezwa kuwa ndani ya boksi lile kuna kitu kinachokufa. Alitamani kumshika mtu mmoja kwenye kola. Kila kola aliyoiona ilikuwa imefungwa kwenye nyingine.

"Mzee, mwalimu alipewa dawa kwa sababu ya karatasi yako. Haikumponya. Akapewa tena ileile, kwa sababu karatasi yako ilisema inaua. Na kwa karatasi hiyohiyo mume wake yuko ndani siku ya kumi na moja."

"Ndani wapi?"

"Ndani. Kwa kuua."

Mzee Kisahani alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa. Hakujua. Hilo lilikuwa wazi, na halikumsaidia mtu yeyote.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mafaili mpaka sakafuni. Alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Umenibomolea ukuta mmoja, Inspekta. Hujanijengea mwingine. Unaniambia hatujui bakteria wa marehemu walikuwa wa aina gani. Vizuri. Huenda walikuwa sugu. Huenda pia hawakuwa, na mumewe alibadilisha vidonge vilevile tulivyosema."

"Kuna ile ladha."

"Ladha aliyoisema mtuhumiwa. Marehemu hawezi kuja kutuambia alionja nini. Nipe kitu cha kushika."

"Mochwari wamehifadhi kipande cha tumbo kwenye nta. Bakteria wamekufa, hawawezi kuoteshwa, lakini kuna maabara ya mbali inayoweza kusoma vinasaba vyao na kusema kama walikuwa sugu kwa klarithromaisini. Nimeshapiga simu. Wiki mbili."

"Basi ni wiki mbili."

"Na yeye akae ndani wiki mbili nyingine? Kwa kosa langu?"

Mwendesha mashtaka aliketi, kwa mara ya kwanza. "Ulilifunga faili hili wewe," alisema, bila ukali. "Hakimu ataliona jina lako, si langu."

Asubuhi hakimu aliahirisha kwa siku kumi na nne. Seremala alipopitishwa kurudi chini aligeuka kumtafuta Inspekta kwa macho, kwa maana Koplo alikuwa amemdokezea kwamba kuna jambo. Kaka wa marehemu alimkabili Inspekta ukumbini, pumzi juu juu.

"Nasikia unamtetea."

"Natafuta kilichomuua dada yako."

"Nilikwishakuletea!"

Watu waligeuka kutazama. Inspekta alikuwa na majibu, lakini lolote kati ya hayo lingekuwa la mtu anayejikosha. Alisema tu, "Nipe siku kumi na nne, kaka," na kumpisha apite.

Aliibeba nta ile mwenyewe. Hakutaka kuisikia imezungushwa na gari lolote. Ilikuwa kijipande cha mraba, nyepesi kuliko sabuni ya hotelini, na ndani yake tumbo la mwalimu wa hisabati lilionekana kama kivuli cha kahawia. Safari ilikuwa ya saa tisa kwenda. Aliwekewa saini, akapewa namba, akaambiwa asipige simu kila siku. Alipiga kila siku.

Jibu lilikuja siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi. Bakteria wa mwalimu walikuwa na badiliko kwenye vinasaba linalowafanya wasidhurike na klarithromaisini. Dawa ile ilikuwa inapita juu yao kama mvua juu ya bati. Kulikuwa na dawa nyingine ambazo zingeweza kujaribiwa, tangu mzunguko wa pili, kama mtu angejua.

Mwendesha mashtaka aliondoa shtaka siku iliyofuata, kwa sentensi mbili. Profesa na Mzee Kisahani walifunguliwa jalada lao, ambalo Inspekta alijua litachukua miaka, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole na wote wawili wakiwa na haki kidogo.

Seremala alirudishiwa mkanda, viatu na kopo lake la skrubu. Alilishika kopo muda mrefu.

"Kwa hiyo zilikuwa dawa kweli," alisema.

"Kweli."

"Na alizimeza vizuri. Hakukosea."

"Hakukosea hata moja."

"Na mimi nilikuwa nasimama pale mlangoni, namwangalia mpaka ameze. Nilimkazania kweli, mama. Akisema haimsaidii, nasema daktari anajua zaidi yako." Alifunga mkanda, matundu mawili ndani kuliko zamani. "Shemeji ameshaambiwa?"

"Koplo amekwenda kwake asubuhi hii."

"Alisemaje?"

"Alifunga mlango."

Seremala akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea hivyo, akaenda zake kwa miguu ingawa gari la kituo lilikuwa linamsubiri.

*

Walibaki watu arobaini. Inspekta aliuliza wizarani nani atawaambia kwamba majibu waliyopewa si yao. Ofisa mmoja alimweleza kwa upole kwamba barua zitaandaliwa, zitapitiwa na mwanasheria, kisha zitatumwa kwa utaratibu. Haikuwa kazi ya polisi, aliongeza. Inspekta akamshukuru na kukata simu.

"Si kazi yetu kweli," Koplo alisema.

"Najua."

"Basi nipe wa chini, wewe anza wa juu." Akavuta kiti.

Inspekta alipiga namba ya kwanza. Ikaita mpaka ikakatika. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyekwishahama. Ya tatu ilipokelewa na mwanamke, na nyuma yake kulisikika cherehani ikizunguka, kisha ikasimama.

Inspekta alijitambulisha. Alieleza pole pole, bila maneno ya kitaalamu: kile kipimo cha tumbo cha mwaka jana kilikosewa, haikuwa bakteria wake aliyepimwa, na huenda dawa aliyopewa haikuwa na uwezo wa kumponya tangu mwanzo. Aliuliza kama bado anaumwa.

Kiti kilikwaruza sakafu upande wa pili wa simu.

"Nimepewa mara tatu dawa hizo," mwanamke alisema. "Mara ya tatu daktari alinifokea mbele ya watu. Alisema mimi ndiye sugu, si mdudu. Kwamba nazitupa. Nyumbani wakaanza kunihesabia vidonge kama mtoto. Mama mkwe ananifungua mdomo aone kama nimemeza. Nilizimeza zote, afande. Zote. Hakuna aliyenisadiki."

"Najua, mama."

"Umejuaje?"

Inspekta aliishika simu kwa mikono miwili. "Najua ulizimeza," alisema tena.

Mwanamke yule alilia, si kwa sauti, na Inspekta akasubiri. Upande wa pili wa meza Koplo naye alikuwa ameshampata mtu, anaeleza kwa sauti ya chini ambayo Inspekta hakuwahi kumsikia nayo. Kilio kilipopungua alimsomea siku, saa na chumba cha kwenda kupimwa upya, hospitali nyingine. Akamwambia aandike. Mwanamke akasema ngoja atafute kalamu. Vitu vilisogezwa, mkasi ukaanguka. Kalamu haikupatikana. Akaomba asomewe tena taratibu, ataweka kichwani.

Inspekta akarudia, taratibu, neno kwa neno, mpaka mwanamke alipoweza kumrudishia yote bila kukosea.